Miaka Minane kwa Jina la Kijakazi

Ilford, London
14 Septemba 2025

Dada Kija,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Munir na mkewe na wote waliomo nyumbani. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya huku. Nusra anakusalimu. Bado yuko kwenye kazi yake ya stesheni pale Stratford, kuwaelekeza abiria wanaomgombeza yeye kwa treni zilizochelewa. Kila siku husema atakuandikia, na hataandika. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno na anajibu kwa Kiingereza, kama unavyomjua.

Mimi ni magoti tu. Kila asubuhi namwendea Bi Shenaz, yule mama wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, mtaa wa pili kutoka kwangu. Namwosha, namvisha, namkalisha kitini. Yeye ana miaka sabini na minane, mimi sitini na mitano, na kuna siku tunatazamana hatujui nani amwinue mwenziwe. Yeye huona ni kichekesho. Mimi sioni.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako husomwa na Munir, na yangu Nusra huichukua kila akija, na haya si mambo ya watoto.

Barua ya serikali imenijia. Februari natimiza sitini na sita na wananiambia niombe pencheni. Nusra akanifungulia kompyuta tuone nimeandikiwa miaka mingapi. Unajua wanavyofanya: hawakuulizi umechoka kiasi gani, wanahesabu miaka uliyolipia bima ya taifa. Thelathini na mitano ndiyo pencheni kamili, chini ya kumi hupati kitu. Mimi nina kumi na tisa. Nusra akasema, "Mum, you've got nothing before 2006." Nikamwambia ndiyo, kabla ya hapo nilikuwa sijapata karatasi za kukaa. Akanitazama. "But you were always working." Nikainuka kwenda kutia maji ya chai.

Tangu 1998 mpaka 2006 nilisafisha ofisi za watu kwa jina lako na kwa nambari yako ya bima. Nayaandika waziwazi kwa sababu hatukuyasema tena tangu siku ile jikoni kwako Tooting, ulipokuwa bado huku London. Uliniandikia nambari nyuma ya risiti ya duka la mchele. Ukasema, jina nakuazima, na miaka utakayoifanyia kazi ni amana, itakaa kwangu mpaka tuzeeke. Mimi sikusahau. Nilikuwa nikiikumbuka kila nikipinda mgongo.

Sasa sikiliza shida yangu. Nikibaki London na pencheni hii ya miaka kumi na tisa, serikali itaniongezea mpaka nifike kiwango cha kuishi, kwa sababu kipato changu ni kidogo. Lakini nyongeza hiyo hupewa aliyeko hapa tu. Nikija Wete naiacha, naja na hiyo ya kumi na tisa peke yake, na itaganda hapo hapo bila kuongezwa mpaka nife, kama yako ilivyoganda. Ile miaka minane, ukinitolea fungu lake, ndiyo ingenitosha kuja. Basi niambie, karatasi zako za pencheni zinasemaje kuhusu miaka ile?

Nataka kurudi nyumbani, Dada Kija. Nimechoka kwelikweli.

Mdogo wako,
Time


Wete, Pemba
19 Oktoba 2025

Mdogo wangu Time,

Barua yako imekaa wiki mbili posta, maana Munir hakumbuki ufunguo wa sanduku mpaka akumbushwe mara tatu. Nimeisoma kwa miwani mpya, ambayo ni mibaya kuliko ya zamani. Namshukuru Mungu kwa uzima wako, na pole kwa magoti. Paka mafuta ya nyonyo ya moto na usilale na miguu wazi.

Kwetu kuna furaha. Mke wa Munir amejifungua mtoto wa kike, mnene, analia kama anadai. Walitaka kumpa jina langu, nikakataa. Nikawaambia jina hili limefanya kazi ya kutosha, mtafutieni jipya. Wamemwita Raya. Bati la upande wa jikoni tumelibadilisha kabla ya mvua za vuli, na fundi ameondoka na nyundo yangu. Mwaka huu karafuu zimeshika, mikeka imetandazwa mpaka barabarani, mtu hana pa kuweka mguu.

Wewe unaiona pencheni yangu kama shamba. Tangu nilipoanza kuipata 2022 ni ile ile, haijapanda hata senti. Wenzangu waliobaki huko kila Aprili wanaongezewa, mimi nimesimama nilipo, na sukari haisimami. Jirani yangu Bi Asha ametimiza sabini, anapokea pencheni jamii ya Zanzibar, na kila akiipokea lazima apite kwangu nimwone anavyotembea. Mwakani na mimi nitaiomba. Sijui watanikubali au wataniambia niende kwa Waingereza wangu.

Kwa hiyo usifanye haraka ya kurudi. Huko dawa hununui, basi hulipi, nyumba ina joto. Huku ukiumwa goti ni mpaka Chake, na ukifika Chake unaambiwa daktari amekwenda Unguja. Kaa kwanza. Mtu huchoka, akapumzika, akaendelea.

Hayo ya zamani tuyaache yalale. Karatasi zangu zimo kwenye sanduku, sanduku liko juu ya kabati, na Munir amenikataza kupanda kiti.

Nimempa Hussam wa Mtemani akuletee vileja, anasafiri wiki ijayo. Umgawie na Nusra, usile peke yako.

Ni mimi dada yako,
Kijakazi


Ilford
16 Novemba 2025

Dada Kija,

Salamu, na hongera ya mjukuu. Mungu amkuze. Vileja vimefika, vingi vimevunjika, tumevila kwa kijiko.

Umenijibu kila nisichokuuliza. Mafuta ya nyonyo, nyundo, Bi Asha. Nimesoma mara mbili nikitafuta neno moja la amana na sikuliona. Sanduku liko juu ya kabati, basi Munir mwenyewe apande kiti.

Nikukumbushe, labda wewe ulikuwa huuoni upande wangu. Miaka minane pale kazini niliitwa Kija. Msimamizi akiita, naitika. Mwanzoni nilikuwa nachelewa, akadhani sisikii vizuri, akawa ananisemesha kwa kelele. Baadaye nikazoea mpaka nikazidi. Juzi hapa sokoni mtu alimwita mtoto wake Kija, nikageuka mimi. Siku niliyopata karatasi nikaacha kazi ile, wakaninunulia kadi, wote wakatia saini, "Dear Kija, we will miss you." Ninayo bado. Hakuna hata mmoja wao aliyenijua jina.

Wewe ulipata kuishi jina lako. Ulikaa na Munir mdogo, ukaenda mikutano ya skuli, ukatia saini bila kutetemeka. Sikuonei kijicho. Lakini mshahara wangu ulikatwa bima kila mwezi na ikenda kwenye nambari yako, na leo wewe unapokea kila baada ya wiki nne na mimi namwinua Bi Shenaz.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho kwa adabu. Miaka yangu iko kwako au haiko? Kama umeitumia, sema umeitumia. Unajua siwezi kwenda kushtaki popote.

Time


Ilford
2 Februari 2026

Dada Kija,

Leo nimetimiza sitini na sita. Nusra amenunua keki, nimekula kipande nikaenda kazini.

Desemba hukuandika, Januari hukuandika. Nilimtuma Hussam akupigie, akaambiwa umelala, saa nne ya asubuhi. Nikajua umekula miaka yangu na huna uso wa kunijibu. Nilikusema vibaya moyoni, nakwambia ukweli. Nilikusema mpaka kwenye sala, na hilo naomba unisamehe.

Alhamisi iliyopita nilikwenda maktaba ya Stratford. Kuna mama mmoja wa Kikenya anaitwa Dinah, amestaafu ukarani, anajitolea kuwasaidia watu na fomu. Nikamwambia nina rafiki yangu, aliwahi kufanya kazi kwa nambari ya ndugu yake, sasa anataka kujua miaka ile iko wapi. Dinah akaiweka kalamu chini, akalifunga na daftari lake.

"Huyo ndugu alikuwa na mtoto mdogo wakati huo?"

Nikasema ndiyo, wa kiume.

"Na alikuwa anachukua ile pesa ya mtoto, child benefit?"

Nikasema kila mama alikuwa anachukua.

Akaniangalia kwa huruma, nikaona aibu. "Basi mwambie rafiki yako pole, mama. Serikali ilikuwa inampatia huyo ndugu hiyo miaka yote, juu ya kulea mtoto tu. Hata angekaa kwa nyumba hangeipoteza. Na mwaka ni mwaka, hauhesabiwi mara mbili. Rafiki yako hakumwongezea hata mmoja."

Nikamwuliza, je, wakienda wote wawili wakasema kweli? Akasema hajui wataanzia wapi kuwauliza, lakini hawataanzia kwenye pencheni. Halafu akaniuliza kama rafiki yangu ana mtu wa kuzungumza naye. Nikamwambia anaye dada.

Nimerudi kwa basi nikiwa nimekaa ghorofa ya chini, karibu na mlango wa kushukia, nikapitiliza kituo changu. Miaka minane, Dada Kija. Kumbe hukula wewe, na sikula mimi. Nilidhani ipo kwako imefungwa kitambaa. Haikuwahi kuwapo.

Nimebakiwa na swali moja tu. Ulikuwa unajua?

Time


Wete
27 Februari 2026, mwezi wa Ramadhani

Time, mdogo wangu,

Sikuandikii habari za bati. Watu wamekwenda kusali tarawehe, nimebaki na mtoto, nimefunga mlango.

Nilikuwa najua.

Mwaka 2022 nilipoomba pencheni waliniletea karatasi yenye miaka yangu yote. Nikaihesabu nikaona ile minane imo. Nikafurahi, nikasema amana ya Time hii hapa, nitampigia. Kabla sijakupigia nikamwonyesha binti mmoja anayefanya kazi ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii Unguja, aliyesomea mambo haya Uingereza. Akaniuliza yale yale aliyokuuliza huyo mama Dinah. Akaniambia, bibi, miaka hii ungekuwa nayo hata bila kazi. Alidhani ananipa habari njema.

Nikairudisha karatasi sandukuni. Sanduku haliko juu ya kabati, Time. Liko chini ya kitanda changu. Nilikudanganya kwa sanduku kwa sababu nilishindwa kukudanganya kwa lile kubwa.

Nilisema nitakwambia ukija. Hukuja. Nikasema nitakwambia ikipita sikukuu. Kisha nikajiambia, mwache aamini kuna kitu mahali, labda imani hiyo ndiyo inayomwamsha asubuhi. Sasa naona nilijipangia maneno hayo ili nilale. Nilikuwa naogopa tu. Naliogopa swali lako hili hili.

Unasema niliishi jina langu. Ni kweli. Lakini na wewe usisahau kuwa Nusra alikuwa kwangu toka alfajiri mpaka urudi. Niliwaogesha pamoja na Munir, niliwapeleka skuli pamoja, surua aliugulia kwangu. Sikuandikiwa kwa Nusra hata siku moja, yeye, kama wewe, hakuwa na karatasi. Sisemi ili tulingane. Nasema kwa sababu wewe umeiandika miaka ile kama kwamba mimi nilikuwa nimekaa.

Wiki iliyopita imenijia ile fomu ya Waingereza ya kila mara, ya kuthibitisha kama bado niko hai. Lazima utie saini mbele ya mtu mwenye cheo, naye ashuhudie. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Akaniuliza kwa desturi tu, wewe ndiye Kijakazi? Nikashindwa kujibu. Mwalimu akadhani ni saumu imenizidi, akanipa kiti.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza, nimeandika barua ya kwenda ofisi yao, kwa Kiingereza changu hiki, nikieleza yote. Ipo hapa, haijatiwa stempu. Ukisema niipeleke naipeleka, yatakayonikuta na yanikute. La pili, nusu ya pencheni yangu ni yako, tangu mwezi ujao mpaka mmoja wetu aondoke. Serikali haikuiona kazi yako, lakini mimi nilikuwa nakuona ukirudi na viatu mkononi kwa sababu miguu imevimba.

Nisamehe Ramadhani hii kama utaweza. Kama huwezi, niandikie hivyo hivyo.

Kijakazi


Ilford
29 Machi 2026

Dada Kija,

Iddi njema, ingawa imekwisha. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya sikukuu na nikaiweka mpaka leo, kwa sababu nisingejibu kwa uzuri.

Nimekasirika. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Sikukasirika kwa miaka minane, hiyo hukuila. Nimekasirika kwa minne uliyonyamaza. Tangu 2022 ningekuwa najua nina nini na sina nini. Nilimkatalia Nusra aliponiambia nipunguze siku za kazi, nikamwambia subiri, mama yako ana akiba. Nilikuwa najivuna, Kija. Nilikuwa namwinua Bi Shenaz huku najivuna.

Hili la Nusra umesema kweli. Nilipolisoma nilikasirika zaidi. Nilimwuliza mwenyewe siku ya Iddi anakumbuka nini cha Tooting. Akasema kwa Kiswahili, sijui kakitoa wapi, "Nakumbuka mgongo wa Mama Kija. Alikuwa akinibeba." Sikujua kama ulikuwa ukimbeba.

Barua yako ya ofisi ichane. Haitanirudishia mwaka, na wewe watakuondolea hata hicho kilichoganda. Nusu ya pencheni nitaipokea. Labda ulidhani nitakataa kwa heshima. Sikatai, na wala sitakushukuru, si sasa.

Nimezungumza tena na mama Dinah, safari hii bila rafiki. Nikibaki, nitaongezewa, nitakuwa na joto na basi la bure, nitakaa dirishani nikitazama watu wakienda kazini. Nikija, nina miaka kumi na tisa iliyosimama na nusu yako iliyosimama. Kuna na pencheni ile ndogo ya kampuni niliyokatwa kwenye mshahara tangu walipoanza kutulazimisha, hiyo itatoa nauli na kitanda. Dinah amepiga hesabu akasema, "Mama, kwa pesa, ukibaki ndiyo afadhali." Nikamwambia najua. Bi Shenaz nimemuaga. Alilia, akanipa shali yake, akaniambia nani atakuja kuniinua sasa. Nakuja mwezi wa Julai.

Fomu ya kuomba pencheni nimeijaza jana kwa mkono wangu, mezani jikoni. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Anwani. Kisha kuna mstari unaouliza kama umewahi kutumia jina jingine lolote. Mstari mfupi tu, na nafasi ya kuandika.

Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Niliiona ile korido, ndoo yangu, msimamizi akiita Kija na mimi nikiitika. Niliiona na risiti ya duka la mchele. Nikaandika hapana. Ikaishia hapo miaka yote minane, kwa neno moja na mkono wangu mwenyewe, na hakuna tena popote palipoandikwa kwamba niliifanya isipokuwa kwako na kwangu.

Basi sitaki unipikie, na usije na watu. Njoo peke yako uwanja wa ndege Chake. Ukiniona natoka, usinipungie tu mkono. Niite. Niite kwa sauti, kwa jina langu, nikusikie wewe ukiliita.

Ni mimi,
Time binti Faki